Jinsi Baba Alivyozipanga Hospitali

Kaka yangu alitaka kusomea magonjwa ya ndani kwa sababu ya baba. Baba alikuwa ameacha kulala kitandani. Alikesha kwenye kiti, mgongo ameuegemeza ukutani, kwani kila alipojinyoosha pumzi zilimkatika. Miguu yake ilivimba, na ukiibonyeza kwa kidole shimo lilibaki. Dresa wa shamba, mhudumu aliyetibu wafanyakazi, alimpa dawa ya kikohozi, kisha akampa tena. Kaka alikuwa msaidizi wa dresa huyo. Alijua kwamba hicho si kikohozi, lakini hakujua ni nini.

"Nikifundishwa mahali pazuri nitajua," aliniambia. "Na nikijua, baba atalala."

Ilikuwa miaka ya mwisho ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa upande wa Ruiru, na mimi nilikuwa nikifanya kazi Thika, kwenye kiwanda cha mkonge, nikirudi nyumbani Jumamosi jioni. Mtu wa kabila letu hakuingia Nairobi bila kibali, na kibali hakikutolewa kwa kuomba tu. Ila kijana aliyemaliza darasa la nane na kupata barua ya mchungaji aliweza kuomba kufundishwa kazi ya msaidizi wa hospitali. Hospitali tatu zilikuwa zikipokea vijana wa kwetu: moja ya misheni huko juu milimani kwenye baridi, nyingine ya misheni ng'ambo ya mto Athi, na ile kubwa ya serikali mjini Nairobi. Mwombaji alitakiwa kuzitaja kwa mpangilio, anayoitaka zaidi mwanzo. Tuliambiwa kwamba hospitali ikijiona imewekwa ya tatu haisumbuki na mtu huyo. Kwa hiyo kupanga ndiko kulikuwa kuchagua.

Kaka alitaka Nairobi iwe ya kwanza. Alikuwa amesikia kwamba kule kuna daktari ambaye hapasui mtu, kazi yake ni moyo, mapafu, ini na figo, na wanafunzi humfuata kutoka kitanda hadi kitanda huku akiwauliza maswali. Baba alisema habari ya kusikia si habari, akaifanya kazi ya kupanga kuwa yake.

Alikuwa nyapara wa mfereji katika kiwanda cha kahawa cha shamba. Kahawa ikishamenywa huachiliwa kwenye mfereji wa maji: punje nzito huzama, nyepesi huelea na kuondolewa mapema, zikapelekwa kando. Baba alikuwa akitembelea viwanda vya mashamba ya jirani, na alipotaka kujua kiwanda ni kizuri au kibaya hakuangalia mashine. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa mfereji, akachota kwa kiganja, akatazama.

"Na hospitali ni hivyo hivyo," alisema. "Tutaangalia wanaotoka."

"Baba, hospitali si kahawa," kaka alisema.

"Najua. Kahawa hainijibu jeuri."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, alikwenda polepole hadi kwenye maduka ya karibu na stesheni ya Ruiru, akipumzika njiani, akaketi kwenye gunia mbele ya duka moja na kuuliza watu waliorudi kutoka hospitali. Mimi nilikuwa namsindikiza. Alikuwa muulizaji mzuri, mvumilivu, na hakuridhika na jibu la kwanza. Namkumbuka mama mmoja wa Gatuanyaga aliyekuja na mbuzi wa kuuza. Alikuwa ameugua mapafu, akalazwa kule milimani.

"Ulipelekwa ukiwa unatembea?" baba alimuuliza.

"Nilipelekwa kwenye machela, kama mzigo."

"Na kurudi?"

"Si unaniona? Mbuzi huyu amenivuta kutoka Gatuanyaga, na bado nina nguvu za kumtukana."

"Na wenzako wa wodini?"

"Tuliondoka pamoja kwenye lori la Ijumaa. Hakuna aliyekufa nikiwa pale."

"Hata mmoja?"

"Haiya! Mzee, nilikuwa mgonjwa, sikuwa kipofu."

Baba alicheka mpaka akakohoa, na ilibidi tumsubiri.

Wengine waliotoka milimani walisema hivyo hivyo. Waliotoka ng'ambo ya Athi walisema maneno ya katikati. Waliotoka Nairobi walikuwa wachache, na walizungumza kwa sauti ya chini. Mzee mmoja, mpishi, alisema kwamba pale kitanda cha jirani yake kilibadilisha watu mara nyingi kuliko alivyobadilishiwa shuka. Mama aliposimuliwa hayo alikataa katakata. Kwake kifo hakikuwa jambo lililomtisha zaidi. Aliogopa kwamba aliyefia Nairobi alizikwa na watu wa manispaa kabla jamaa zake hawajapata kibali cha kuingia mjini.

"Huko hata kaburi hulioni," alisema.

Basi baba akapanga: milimani ya kwanza, ng'ambo ya Athi ya pili, Nairobi ya tatu. Kaka aliandika hivyo. Hakuna mtoto wa nyumba yetu ambaye angeandika vingine baba akiwa ameketi mbele yake akivuta pumzi namna ile. Hospitali ya milimani ilimkubali, na siku anaondoka baba alivaa koti lake la ibada.

Kaka alirudi likizo ya kwanza akiwa amekonda. Tulikuwa tunachota maji kwenye bomba la kambi aliponiambia.

"Tulikosea. Watu hawafi pale kwa sababu hawaachwi wafie pale."

Nilimwambia aseme polepole nielewe. Akanieleza kwamba vitanda vya hospitali ile ni vichache, na wazungu wake ni watu wema wanaoamini kwamba mtu asiyetibika afadhali afe mikononi mwa watu wake. Kwa hiyo kila Ijumaa lori liliteremsha makundi mawili. Mbele walikaa waliopona. Nyuma, juu ya mablanketi, walilazwa walioshindikana. Waliopona waliteremka Ruiru na Thika, wakapita madukani, wakakutana na baba. Wa nyuma walibebwa hadi nyumbani kwao, na walipokufa baada ya muda watu walisema wamefia nyumbani. Kifo chao hakikuhesabiwa kwa hospitali yoyote.

"Na wenye miguu iliyovimba?" nilimuuliza.

"Ndio wanaojaza nyuma ya lori. Sijaona hata mmoja akikaa muda wa kutosha nikajifunza ugonjwa wake."

Hakumwambia baba. Nami sikumwambia. Lakini baada ya majira ya mvua baba alizidiwa, na yeye mwenyewe akaomba apelekwe milimani, kwa mwanawe. Walimpokea vizuri. Kaka alimwosha, akamlisha, akamwekea mito mgongoni. Alimwendea daktari, akamwomba sindano inayotoa maji mwilini. Daktari alimjibu kwamba hiyo huchomwa Nairobi, ambako mgonjwa anaweza kukaa wiki nyingi akiangaliwa, na kwamba angeandika barua wakitaka. Ijumaa iliyofuata jina la baba likasomwa kwa ajili ya lori.

Nilikuwa nimekwenda kumtazama siku hiyo. Kaka alimshika kwapani ampandishe, na baba alitaka kukaa mbele, na waliopona. Mpakiaji akasema, "Mzee, wewe ni nyuma." Baba aliyatazama yale mablanketi na watu waliolala juu yake. Kisha akamgeukia kaka.

"Kumbe hizi nyepesi zilikuwa zikiondolewa mapema," alisema, "kabla sijatia mkono."

"Baba, barua ya Nairobi ninayo."

"Ile niliyoiweka chini?"

"Hiyo."

"Basi ipandishe juu," baba alisema. "Si kazi yangu ilikuwa kupanga?"

Alijilaza nyuma pamoja na wengine, akiwa ameegemea magoti yangu.

Kwa barua ya daktari tulipata kibali cha mgonjwa na msindikizaji mmoja, cha kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nilimpeleka kwa treni. Wodi ilikuwa kama yule mpishi alivyoieleza: ndefu, imejaa, wengine wamelala chini kati ya vitanda. Lakini daktari aliinama juu ya kifua cha baba kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumpima, akawaita wanafunzi wake wasikilize mmoja mmoja. Muda wa kibali changu ukaisha, nikaondoka.

Kibali cha pili kilichukua zaidi ya wiki. Nilipoingia wodini nilimtafuta kati ya walioegemea mito na sikumwona, nikadhani wamemhamisha. Alikuwa kitandani pale pale, amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Miguu ilikuwa imerudi kuwa ya baba yangu, na mifupa inaonekana. Sikumwamsha. Nesi aliniambia, "Mwache, huyu alikuwa amesahau usingizi," nikakaa kando yake mpaka muda ukaisha, nikarudi Ruiru nikiwa na habari njema. Mama aliimba siku hiyo akipika.

Kibali cha tatu nilipokipata, kitandani alikuwako kijana nisiyemjua. Karani aliniambia baba alifariki ghafla asubuhi moja, moyo ulikuwa umechoka mno, aliletwa amechelewa. Habari ilitumwa kwa ofisi ya mkuu wa wilaya, na haikutufikia. Nikatembea hadi kwenye makaburi ya manispaa. Mchimbaji aliuliza ilikuwa wiki gani, nikamwambia. Akaonyesha kwa sepetu safu ya matuta mapya yasiyo na alama.

"Wiki ile ni kuanzia hapa mpaka pale," alisema.

Nilisimama hapa, kisha nikasimama pale.

Mama hakumlaumu mtu. Kaka alipoleta habari kwamba anaweza kuhamia Nairobi akamalize mafunzo yake chini ya daktari yule yule, nilitarajia amzuie.

"Nenda," alimwambia. "Lakini wanaokufa wa kwetu, uwafuate mpaka wanapowekwa. Uwe unajua."

Kaka alifanya hivyo. Alijifunza moyo, na alipokuja nyumbani alinifundisha mimi pia, na vitabu nilivyosoma baadaye nilivisoma kwa sababu yake. Lakini watu wa Ruiru na Thika walimjua kwa jambo jingine. Waliofiwa, wakishapata kibali, walimwendea mlangoni mwa wodi wakiwa wamefunga vitambaa kichwani, na baada ya zamu alivua koti lake jeupe na kutembea nao hadi makaburini. Aliwapeleka mpaka kwenye tuta lenyewe, akawaacha hapo, akawangoja kwenye lango. Mama alikwenda naye siku moja, hali ya hatari ilipokwisha. Walitembea kwenye ile safu ya wiki aliyozikwa baba, kutoka mwanzo hadi mwisho, na alipofika mwisho mama akamwomba warudie.