Fundi Saa Likizoni

Tangu yeye na mkewe wapande meli ya kitalii, zawadi ya siku tatu kutoka kwa binti yao, fundi saa yuko roho juu. Huvuta mkono wa shati akachungulia saa yake huku anatafuna, huichungulia huku anasalimiwa, kisha huiweka sikioni kama anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Vidole vyake, ambavyo kazini hushika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, sasa humwaga chai. Kisa ni tangazo la nahodha: meli haimsubiri mtu.

Leo wameshushwa bandarini kwa masaa manne tu. "Saa tisa kamili ngazi inatolewa, mama watoto," amesema mara sita, na mkewe aliyetamani kuuona mji ameishia mgahawa wa kwanza nje ya geti. Ukutani kuna saa iliyokufa. Fundi anaitazama, anakohoa, anaitazama tena.

"Baba nanihii, tuko likizo!"

Wapi! Ameshapanda kiti, ameishusha, ameifungua kwa ncha ya kisu cha siagi. Mikono imetulia tuli, hata mluzi anapiga. Mkewe anaagiza soda ya pili, kisha ya tatu. Yeye havai saa. Ya nini, na mume kama huyu? Hatimaye saa ya ukutani inaanza kwenda. Fundi anaipangusa vumbi, anachungulia ya mkononi, na kwa uangalifu ule ule anaowafanyia wateja wake anasogeza mishale mpaka penyewe: saa tisa na dakika kumi na mbili.