Bafu Lililosafishwa Kahawa Ikichemka

Ijumaa moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka peke yangu hadi wajukuu wananiuliza nina nini. Nilikuwa na miezi sita tu ya ndoa hapa Kasongo. Kijijini kwetu Wamaza tulioga mtoni, na choo kilikuwa mbali huko migombani. Bafu la uani, lenye sakafu ya mawe, mfereji wa kutolea maji na tundu la choo pembeni, nililikuta kwa wakwe. Lakini miezi sita ilinitosha kujiona fundi. Ujana, mwanangu, una maneno mengi kuliko kazi.

Siku hiyo wazee kutoka mji wa Nyangwe walikuwa wanakuja kumposa wifi yangu Salima. Wangefika kabla ya sala, na lazima wangetaka kutawadha. Mama mkwe wangu, Mama Mwamini, alinikabidhi bafu. Enzi zile za Wabelgiji kulikuwa na mzungu aliyepita akichungulia vyoo vya watu, na kuna waume waliotiwa ndani kwa sababu ya nzi. Hata hivyo sisi wanawake tuliogopa zaidi pua za wageni. Kwa harufu tu posa ingeweza kuvunjika, na Salima alimpenda kijana wake kwelikweli.

Nilianza kwa maji. Nikamwaga ndoo nzima, nikasugua mawe hadi yakang'aa, ndipo nikainua macho na kuuona utando wa buibui. Nikaupiga fagio. Masizi na vumbi vikaangukia sakafu iliyolowa, vikawa tope. Nikamwaga maji tena; tope likaenda pembeni, likarudi. Maji ya ndoo yakaisha. Hapo nikachukua kopo lile lile nililokuwa nikisuuzia tundu la choo, nikalichovya ndani ya mtungi wa maji ya udhu.

Mama Mwamini alikuwa mlangoni. Aliliangalia kopo, akauangalia mtungi. Maji yote yameingia najisi, na wageni wanavua viatu barazani. Nililia, sikuona haya. Nilijua nimemharibia Salima, na labda mimi mwenyewe ningerudishwa kwetu.

Hakunikaripia. Aliomba mtungi wa maji kwa jirani juu ya ukuta, akateleka kahawa ya wageni, kisha akarudi kusimama nje ya mlango, mikono nyuma.

"Maji iko na nguvu lakini haina akili," akaniambia. "Ukiitanguliza inatembeza uchafu kila fasi. Futa machozi, toa vyombo inje, tuanze."

Maji yale machafu ya mtungi yakaenda migombani. Akanionyesha nikaushe sakafu kwa matambara, kisha nifagie kukiwa kukavu, kutoka juu ya ukuta kushuka chini, na taka nizizoe kabla tone la maji halijagusa mawe. Nikapaka majivu yaliyoloweshwa kidogo penye utelezi na kuzunguka tundu, nikataka kusugua papo hapo. Akanizuia. Majivu yaachwe yafanye kazi yao, na mimi nikafanye yangu: nikatoka kusugua makopo na mtungi kwa mchanga na ndimu. Niliporudi, uchafu ulikuwa umelegea wenyewe. Nikasugua kwa fagio gumu la njiti za mchikichi, kuanzia pembe ya mbali nikirudi mlangoni, kufuata mfereji. Makopo manne tu ya maji ya jirani yakatosha kusuuza. Mimi nilikuwa nimemaliza ndoo nzima nikapata tope! Mchele mmoja, mapishi mengi.

Nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikaacha mlango wazi upepo uingie. Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza inachemka. Watu husema haraka haraka haina baraka, lakini ile ya Mama Mwamini ilikuwa nayo, kwa sababu hakurudia kitu mara mbili. Hadi leo namstaajabia mwanamke yule.

Mzee mkubwa wa Nyangwe alitoka kutawadha ndevu zikidondoka maji, akauliza nani ametengeneza bafu lile.

"Ni bibi ya mutoto wangu, ule wa Wamaza," mama mkwe akajibu, akimaanisha mimi, mke wa mwanawe.

Posa ikapokelewa. Jioni nikamuuliza kwa nini alinifichia aibu mbele ya wageni. Alikuwa akichambua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Sikuficha kitu. Mikono ilikuwa ya nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mikono yake ilikaa nyuma muda wote ule, na wageni wako barazani.

Basi mwanangu, bafu lako lianzwe likiwa kavu, lianzwe juu, majivu yapewe muda wake, maji yaje mwisho na yawe machache, na kopo la choo lisiujue mtungi wa udhu. Hayo ni ya nyumba. La pili ni kubwa zaidi: siku mke wa mwanao atakapokosea mbele ya wageni, usimnyang'anye fagio. Mwonyeshe, mwache afanye, kisha sifa umpe yeye.

Mungu akujalie nyumba inayofikiwa na wageni, akubariki mikono yako, na aiweke radhi yake kwa wote watakaokuita mama.