Kibuyu cha Mkwe Wangu

Shule niliiachia darasa la nne, Tanga, kwa hiyo nasema kama nilivyoona.

Binti yangu aliolewa na mchezaji mpira wa Urugwai. Alikuja hapa Johannesburg kucheza winga, akacheza misimu mitatu, goti likaisha. Nikamwambia binti yangu, haya, umepata mume wa kupamba kochi. Nilikosea. Alianza kufundisha watoto hapa Bertrams, kiwanja cha vumbi, mguu anauburuta. Akapanda akawa kocha msaidizi wa timu ya ligi. Kocha mkubwa alipofukuzwa, akaachiwa yeye timu, ya pili kutoka mkiani! Wakamwambia timu ikishuka daraja, kazi hana. Na asipokuwa na kazi wanahamia kwao Urugwai, pamoja na mjukuu wangu wa miaka tisa.

Mjukuu huyo nimemlea mimi. Darasani wenzake wanaisoma namba, yeye ndiye wa kwanza. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu, na tunaelewana. Urugwai ningemfuata kwa nauli gani?

Mechi ya mwisho walihitaji sare tu. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nasafisha jiko. Mkwe wangu ana kibuyu cha kunywea majani yao ya kijani, anayafyonza kwa mrija wa chuma, hata kwenye benchi hakiachi. Ndani cheusi tii. Nikasema, leo siku kubwa, kocha hawezi kunywea uchafu. Nikakisugua kwa stilwaya na sabuni mpaka kikang'aa.

Mjukuu akaingia, akashika kichwa, Kizulu kikamtoka.

"Eish, Bibi! Hicho kibuyu baba alipewa na baba yake! Hakioshwi, ule weusi ndio utamu!"

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani akwambie? Ungesema sisi wachafu."

Hapo mkwe wangu akatokea, akakinusa. Sabuni tupu. Mkwe hampandishii mama mkwe sauti, nami nilikodolea macho sinki. Nimemharibia siku, nikawaza, na mtoto anaondoka kwa mkono wangu mwenyewe.

Akasema kwa Kiswahili chake cha kokoto, "Mama, leo chai yako."

Nikamchemshia ya tangawizi, nikaijaza kwenye chupa yangu ya maua mekundu. Mchana, kwenye televisheni, nikaiona miguuni pake. Timu yake ikatangulia kufunga. Zikiwa zimebaki dakika kumi wale wakasawazisha, na mpira wote ukahamia golini kwetu. Makocha wengine wanaruka kama wamekanyaga kaa la moto. Wangu akainama, akajimiminia chai, akanywa.

"Bibi, baba anakunywa chai yako, na wewe unalia?"

"Nyamaza, utanipotezea mpira."

Filimbi ikalia. Sare. Nilikaa chini sakafuni, nikacheka peke yangu kama mwehu. Hawaendi popote.

Jioni alirudi na chupa tupu. "Mama, tumebaki," akasema. Kisha akajaza majani yake yaliyolowa maji kwenye kibuyu, akakiweka dirishani ili kianze upya kushika weusi. Kitakaa hivyo siku tatu.

Asubuhi nikakuta kikaratasi kimebandikwa hapo, mwandiko wa mjukuu wangu: BIBI USIOSHE. Kwa Kiswahili! Hajawahi kukiandika hata mara moja. Nikakisoma mwenyewe herufi kwa herufi, nikakibandua, nikakitia kwenye mkoba wangu wa pasipoti. Kibuyu sikukigusa.