Mama Hawezi Kulala Jikoni

Sisi watu wa nchi ya majani chai tunamjua adui mmoja tu, baridi. Mtoto akizaliwa huku anavishwa kofia ya sufu kabla hajapewa jina. Mzee akiugua anapelekewa blanketi. Ukipiga chafya, wa kwanza kukusikia anauliza ni nani aliyeacha dirisha wazi. Kwa hiyo joto lilipotujia, lile lililoanza Januari na kukataa kuondoka hata Machi, hatukuwa na akili nalo. Tulilipiga vita kwa silaha za baridi, na aliyeumia ni mama yetu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kumtunza. Presha ilikuwa imempiga upande wa kushoto, mkono na mguu vikalala, maneno yakawa yanatoka polepole, lakini akili ilikuwa yake yote. Mimi ndiye kitinda mimba, tena ndiye pekee nisiye na mume wa kumwomba ruhusa, basi familia ikaamua kwamba nina nafasi. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kibanda changu cha nguo pale Kapkatet. Nilikifunga, nikaja na begi moja.

Kaka yangu mkubwa alikuwa amemjengea mama nyumba. Ni lazima niisifu, kwa sababu kila mtu aliisifu. Kuta za matofali, vigae vinavyong'aa sakafuni, vioo vikubwa madirishani, mabati mekundu unayoyaona ukiwa bado kwenye barabara ya Chepilat. Dari tu ndiyo ilikuwa haijawekwa, ikingoja bonasi ya majani chai. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nilifungua nikaingia. Kufikia saa sita mchana mabati yalikuwa yanalia ta, ta, ta, na joto linashuka kutoka juu kama mtu amekufunika na sufuria. Yale madirisha makubwa hayakufunguka. Fundi aliacha vipande viwili vidogo tu vya kupitisha hewa, maana nani huku anataka upepo ndani ya nyumba?

Kitanda cha mama kilikuwa sebuleni, katikati kabisa, chini ya bati. Mgonjwa wa heshima hafichwi chumbani, na mama alikuwa na wageni kila siku. Wanakuja kumwombea, wanaitazama nyumba, wanasema kweli huyu mama alizaa. Alikuwa analala pale kama kitu cha maonyesho, na uso wake unang'aa jasho tangu saa nne asubuhi.

Nyuma ya nyumba hiyo, hatua chache tu, kulikuwa na jiko lake la zamani. Chumba cha mviringo, kuta za udongo, paa la nyasi nene lililogeuka jeusi kwa moshi wa miaka mingi. Tangu gesi iletwe, hamkupikwa kitu mle. Niliwasha moto kidogo tu asubuhi nikihitaji kaa la kusugulia ndani ya vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu yaliyoganda, kisha nikauzima. Ukiingia mle saa nane mchana, jua likiwa limechacha, unahisi ubaridi wa ardhi unapanda miguuni. Nilikuwa natafuta visingizio vya kwenda mle. Naosha kibuyu kimoja mara tatu.

Mama alijua, maana nilikuwa narudi na uso mkavu.

"Nipeleke kule," akaniambia siku moja.

"Kule wapi, Mama?"

"Jikoni kwangu. Hii nyumba ni nzuri, lakini ni ya wageni."

Nilicheka, nikidhani anatania. Akaniomba tena kesho yake, na kesho kutwa, na sauti ilikuwa inapungua. Alikuwa ameanza kukataa maji. Akinywa, itabidi nimwinue nimpeleke haja, na hakutaka kujisaidia kwenye beseni sebuleni huku wageni wakigonga mlango. Midomo ilianza kupasuka. Niliogopa. Nilimwona anavyokauka, na nikajua kwamba asipotoka chini ya lile bati hatavuka kiangazi.

Nilimpigia kaka simu.

"Unataka watu waseme nini?" akauliza. "Ati nimejenga nyumba, halafu mama analala kwa jikoni kama ndama?"

"Watu hawalali hapa mchana. Mama ndiye analala."

"Mama hawezi kulala jikoni. Hiyo maneno imeisha. Mnunulie soda baridi."

Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tulipokuwa wadogo mvua ya mawe ilitoboa paa la nyasi la nyumba tuliyolala, na mama akasimama juu yetu na karai kichwani mpaka mvua ikaisha. Mimi nilikuwa mchanga, sikumbuki. Yeye anakumbuka. Kwake nyasi ni umaskini, ni maji shingoni, ni meno ya mama yakigongana kwa baridi. Aliapa mama hatalala tena chini ya nyasi, na kiapo chake kilikuwa kizuri. Kilikuwa cha msimu mwingine tu.

Basi nikafanya nilivyoweza. Nilitundika leso zilizolowa maji kwenye vile vidirisha viwili. Nilimwaga maji kwenye vigae mpaka kisima cha chini kikaanza kutoa tope, nikaanza kuyagawa: ya mama kwanza, ya ng'ombe, ya kupikia, na mimi nioge siku nyingine. Kisha nikamwita jirani yetu, mama mmoja Mkisii anayetuchumia majani chai, tukapanda ngazi tukatandika majani ya migomba juu ya mabati, tukayafunga kwa kamba. Sebule ikapoa kidogo. Mama akalala usingizi wa kweli mchana ule. Jioni kaka akapiga simu ya video ili aone nyumba yake, akaona yale majani.

"Hiyo ni nini iko juu ya nyumba yangu? Mmeanza kufuga mbuzi kwa paa?"

Nilitaka kumjibu kwamba mbuzi wangekuwa na akili kutuzidi. Tulipanda tena tukayatoa.

Wiki ile wakaja akina mama wa kanisa. Walikuja wamevaa sare zao, na zawadi imefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Mimi nilijua ni nini hata kabla haijafunguliwa. Blanketi. Blanketi zito, la rangi ya damu ya mzee, na picha ya simba mkubwa katikati. Walilikunjua wote pamoja, kila mmoja ameshika pembe, wakamfunika mama mpaka kidevuni kwa mikono yao, wakaanza kuimba. Ilikuwa saa saba mchana.

Kwetu, mzee akifunikwa hivyo amebarikiwa. Ukimfunua mbele ya waliomfunika, ni sawa na kuwarudishia zawadi mkononi. Nilisimama pale na trei ya chai, chai ya moto bila shaka, nikamtazama mama. Waliimba wimbo mzima, wakaingia wa pili. Wakaomba, na kila mmoja alikuwa na maombi yake. Jicho la mama lilikuwa limenikazia. Nilipomsogelea kumfuta jasho, mmoja wao akanishika mkono kwa upole.

"Acha itoke, mtoto wangu. Jasho ni mzuri. Inatoa ugonjwa."

Walipoondoka nilivuta lile blanketi nikalitupa sakafuni. Kanga ya mama ilikuwa imelowa kana kwamba nimemtoa mtoni. Alijaribu kusema kitu, hakikutoka. Hapo hasira ilinipanda, nikasema heshima hii itamuua, na mimi siwezi kukaa hapa nikiipakulia chai.

Nilimwita tena yule jirani. Tulimlaza mama juu ya shuka, tukaikunja pande mbili.

"Shika kwa magoti, dada, mimi niko hapa kwa mabega," akasema. "Usikimbie. Polepole. Mungu wangu, huyu mama amekuwa mwepesi hivi?"

Tulimpeleka jikoni kwake. Tulitandika godoro juu ya ngozi ya ng'ombe, chini ya vibuyu, kichwa kikielekea mlangoni. Mama alifumba macho. Akapumua. Nilikuwa sijamsikia akipumua hivyo kwa muda mrefu, pumzi ndefu, inaingia mpaka chini. Baada ya kitambo akaomba mursik, akanywa kikombe, akaomba kingine.

"Hiki kibuyu hukukisugua vizuri," akaniambia.

Nililia kwa furaha. Siku zilizofuata alikuwa mama yangu tena. Alinigombeza kwa ajili ya kuku. Alinieleza ni mti upi wa kuchoma nipate kaa zuri, ingawa aliwahi kunieleza mara mia. Alikunywa maji bila kuogopa, maana mle tulikuwa wawili tu, na beseni ni letu. Midomo ilianza kupona. Wageni wakija niliwaambia amelala, warudi Jumapili.

Mmoja hakungoja Jumapili. Alikuwa katibu wa wale akina mama, na alikuwa ameagizwa picha ya mama akiwa na blanketi, ya kuweka kwenye grupu ya WhatsApp ya kanisa. Hakuona mtu sebuleni, akazunguka nyuma. Mimi nilikuwa kisimani. Nilipokuja nikamkuta amesimama mlangoni pa jikoni, mkono mdomoni, simu kwenye mkono mwingine. Alimpiga mama picha akiwa chini, kuku wawili wakiwa karibu na miguu yake. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Chini ya picha aliandika tu, "Tuzidi kumwombea mama yetu kwa hali hii."

Kaka alifika Jumamosi na vijana wawili wenye majembe na mashoka. Hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Aliinama akaingia jikoni, akapiga magoti kando ya godoro.

"Mama, nimekukosea nini?" akauliza. "Kila mtu anauliza nimekukosea nini."

"Hapa kuna baridi nzuri, mtoto wangu," mama akamjibu.

Nadhani alisikia neno moja tu, baridi. Alimwinua mikononi mwake kama bibi harusi, mwenyewe, bila msaada, na machozi yanamtoka. Alimbeba mpaka sebuleni, akamlaza, akamfunika na yule simba. Kisha akatoka nje akawaonyesha wale vijana kwa kidole.

Nilimshika shati. Nilimwambia ngoja kiangazi kiishe, mvua ikinyesha hata mimi nitakusaidia kubomoa. Akaniambia mimi ni mtoto wa kike, mambo ya boma hayanihusu. Vijana walipanda juu. Nyasi zilianza kushuka kwa mafungu, na masizi ya miaka yote yale yakapanda hewani yakatua kwenye nguo nilizoanika. Vibuyu vya mama waliviweka chini juani, na kufikia jioni viwili vilikuwa vimepasuka.

"Wanafanya nini huko nyuma?" mama akaniuliza.

Singeweza kumdanganya. "Wanabomoa jikoni."

Aligeuza uso wake ukutani, na tangu siku hiyo hakuniomba maji, wala mursik, wala kupelekwa popote. Nilikuwa namtia kijiko mdomoni, maji yanatokea pembeni. Usiku nilimfungulia mlango na kukaa kizingitini nikimpepea na kadi ya harusi ya mtu. Mchana bati lilikuwa linalia ta, ta, ta. Nilimpigia kaka mara nyingi. Alisema atatuma gari Jumatatu, ampeleke kwa daktari mzuri. Wale wengine, ndugu zetu walio mbali, walituma ile mikono miwili ya maombi kwenye simu.

Mama alifariki Jumapili ya wiki iliyofuata, saa nane mchana, wageni wakiwa wametoka muda mfupi uliopita. Nilikuwa nakusanya vikombe. Nilimgusa paji la uso nikamkuta bado ana joto, na kwa muda nikadhani ni uhai, kumbe ni nyumba. Nilipiga kelele mpaka yule jirani akaja mbio kutoka shambani na kikapu cha majani mgongoni.

Kaka alifika na gari aliloahidi, siku moja kabla ya siku aliyoahidi. Tulimpeleka mama mochari, mimi na yeye. Mashamba ya chai pande zote yalikuwa yamebadilika rangi, majani yamejikunja kingoni kana kwamba yamepitishwa kwenye moto.

Mhudumu wa mochari alikuwa mzee mpole mwenye koti jeupe. Alimpokea mama vizuri, akatuonyesha droo, akaifungua. Hewa ya ndani ilitupiga usoni, safi, ya baridi, na mimi nikakumbuka jikoni. Kaka aliingiza mkono wake mle ndani, akaugeuzageuza. Hakuridhika.

"Hii mashine inafanya kazi sawasawa?" akauliza. "Mwaka huu joto ni mingi."

"Inafanya vizuri, mzee."

"Na stima ikipotea?"

"Tuko na jenereta."

"Niambie kama inataka mafuta, nitaleta mimi. Nitaleta hata sasa." Mkono wake ulikuwa bado mle ndani. "Sitaki mama apate joto."

Yule mhudumu akamhakikishia kwamba hatapata. Mimi nikatoka nje, nikakaa juani.