Saa ya Mama na Kalori za Wanawake Watano

Nesi wa kliniki alipomwambia mama kwamba sukari ikizidi kupanda ataanza kudungwa sindano, mimi ndiye niliyekosa usingizi. Mama huogopa sindano kuliko nyoka. Nilikuwa nimemaliza digrii ya takwimu na kurudi nyumbani Manga, kwenye vilima vya chai, bila kazi, nikiwa na muda mwingi wa kuhofu. Nesi alisema chakula kilingane na kazi ya siku. Mama alisikia ushauri. Mimi nikasikia hesabu.

Nikamfunga mkononi saa yangu ya mazoezi, ile inayosoma mapigo ya moyo na kukisia kalori. Orodha yake ilikuwa na tenisi na kuogelea, lakini kuchuma majani chai, kazi ya mama, hakukuwamo. Nikachagua kutembea, kisha nikahangaika wiki nzima kama nilichagua vibaya. Kila jioni niliandika namba daftarini na kumpakulia ugali wa wimbi kwa kufuata namba hiyo. Siku za egesangio, yaani akina mama watano wanaposaidiana shamba kwa shamba, kalori zilipanda ajabu. Nami nikaongeza ugali, nikijiona mwana mwema.

Baada ya wiki tatu sukari ilikuwa juu kuliko mwanzo. Nilimwonyesha nesi daftari. Akasoma, kisha akamuuliza mama kama huivaa saa kutwa nzima.

"Nitaivaaje peke yangu?" mama alijibu. "Kwa egesangio hakuna kitu cha mtu mmoja."

Kumbe walikuwa wakipeana. Aliyekuwa na zamu ya kupandisha kikapu mlimani ndiye aliyeivaa, maana kila mmoja alitaka kuona moyo wake ukiandikwa. Nilikuwa nimemlisha mama jasho la wanawake watano.

Nesi alicheka mpaka akavua miwani. Hakunikemea, na hilo namshukuru hadi leo. Alisema hata ingekaa mkono mmoja, saa ile hukisia tu. Akatuambia turudishe ugali kuwa saizi ya ngumi ya mama, tusiongeze, kisha akanipa kipimo kingine: anayeweza kuimba akifanya kazi, kazi yake ni nyepesi; anayeweza kuongea lakini wimbo ukamshinda, ni ya wastani; aliyekosa hata maneno, ni nzito.

Kesho yake nilikwenda nao shambani. Jirani mmoja aliuliza kama siku hizi chuo kikuu hufundisha kusikiliza watu wakihema, na wengine wakacheka hadi majani yakamwagika. Walichuma wakiimba nyimbo za kanisa, sauti zimetulia kabisa. Mchana kutwa, kumbe, kazi ya mama ilikuwa nyepesi kuliko daftari langu lilivyodai. Zamu yake ya kikapu ilipofika, nilijitwika mimi sehemu ya majani yake na yeye akabeba yaliyobaki. Hatua chache tu za kupanda mlima, wimbo wake ulikatika.

Mimi sikuwa na hata neno.

"Msomi," akaniita bila kugeuka, "imba basi."

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa kuwa pumzi ya kunidhihaki alikuwa nayo. Kliniki iliyofuata sukari ilikuwa imeshuka, na sindano haikutajwa. Saa bado inazunguka kwa akina mama. Mimi hupima ugali kwa ngumi yake tu, na nyakati za zamu yake husimama chini ya mlima nikitega sikio.