Ndama wa Goti

Aibu nyingine mtu anaipata akiwa amesimama, akakimbia nayo akajificha. Mimi yangu niliipata nimekaa, na shida yote ilikuwa hiyo hiyo, kwamba nimekaa.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka ule nilipowekewa goti la chuma Dar es Salaam na madaktari wageni, goti la kulia, kwa sababu lile nililozaliwa nalo lilikuwa limelika lote. Ukoo mzima ulichanga magunia ya mpunga ili niende, na niliporudi kwetu Lipangalala kila aliyekuja kunijulia hali aliniangalia mguu kwanza ndipo uso, kama mtu anayekagua baiskeli aliyoiazimisha.

Sasa, mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alikuwa ameniambia wazi, "Mama, goti ni la chuma lakini nyama ni zako, usipozikunja kila siku zitaganda." Akaongeza kwamba nikae kwenye viti tu, tena virefu, mkeka nisiufikirie kabisa. Nikaitikia vizuri. Lakini lile zoezi jamani, la kukaa kitini na kuvuta kisigino kirudi nyuma chini ya kiti, lilikuwa linauma mpaka naona nyotanyota, goti linavimba, linakuwa la moto, na usiku nikiligeuzia huku halitaki, nikiligeuzia kule halitaki. Nikaanza kuruka siku, na siku nazo zikazaana, mguu ukabaki umenyooka kama mwiko. Watu wakiniuliza, nasema nimepona kabisa, huu mkongojo ni wa kufukuzia kuku. Ningesemaje? Niwaambie mpunga wao umegandia gotini?

Basi ikafika harusi ya Restituta, binti wa kaka yangu. Alikuwa anaolewa na Shija, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake, Mzee Masanja, alihamia bondeni na mifugo yake akaweka boma ng'ambo ya mto. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubali shingo upande (ng'ombe na mpunga havijawahi kupatana, wenye mashamba mnajua), kwa hiyo kosa dogo tu lingetosha kuvunja kila kitu. Na kwetu bibi harusi hatoki nyumbani mpaka shangazi aliyeziba mlango apewe chake. Anapewa doti ya khanga, anasimama, vigelegele, safari inaanza. Shangazi mwenyewe ndiye mimi.

Wifi yangu, mama yake Restituta, alinivuta pembeni. "Wifi, na goti hilo, si tumwachie mdogo wako akae?"

Nikamjibu, "Goti lipi?"

Akasema basi aniletee kiti. Shangazi aliyekaa kitini mlangoni anafanana na mkata tiketi, nikakataa. Mkongojo nikausukuma uvunguni, nikashika fremu ya mlango na kujishusha mkekani (niseme ukweli, nilianguka zaidi ya kukaa), mguu ukanyooka mbele yangu ukaziba mlango wote. Nilipendeza, hilo hata wifi alikiri.

Wakwe wakaja na lori, wakaweka doti ya khanga mapajani kwangu. Nikapokea, nikatabasamu, nikakaza mikono nisimame. Goti likakataa. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno, nikarudi chini puu. Akina mama wa upande wetu wakapiga vigelegele, "Hajaridhika! Shangazi hajaridhika!"

Wakaongeza blanketi. Nikajaribu tena, nikarudi tena. Wakaleta jogoo aliyefungwa miguu, wakamlaza juu ya blanketi, akaanza kunidonoa mkono, na mimi natabasamu tu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Dereva wa lori akapiga honi, maana pantoni haivushi giza likiingia, na ng'ambo kule ng'ombe walishachinjwa na wageni wanasubiri. Mtu mmoja akapendekeza mlango wa uani, akanyamazishwa hapo hapo, bibi harusi hatoki uani kama mwizi.

Nikamsikia mkwe mmoja akisema, "Kama hawataki kumtoa mtoto wao waseme, sisi turudi zetu." Na mjinga mmoja wa kwetu akamjibu, "Si mrudi!"

Nyuma yangu, ndani ya shela, Restituta akanong'ona, "Shangazi, nimekukosea nini?" Sauti ilikuwa ya kulia. Hapo niliumia kuliko goti.

Ndipo Mzee Masanja akaja mwenyewe, akachuchumaa mbele yangu (kwa wepesi, nikamwonea wivu), akaliona kovu pale khanga ilipokuwa imepanda. Akauliza polepole, "Mkwe, unataka zaidi, au huwezi kusimama?"

"Siwezi, mkwe," nikasema, na machozi yakanitoka. Lilikuwa neno la kwanza la kweli kuhusu goti hilo tangu nirudi kutoka Dar.

Akainuka, akakohoa. "Sikilizeni! Mkwe wetu anadai ndama. Tumekubali, namtoa ndama jike! Ila kwetu aliyelipwa ng'ombe hakanyagi chini, anabebwa!" (Baadaye aliniambia kwao hakuna kitu kama hicho.)

Vijana wakanizoa pamoja na mkeka. Mmoja wao, Mungu amsamehe, aliona pa kushika ni gotini, na goti likakunjika kwa mara ya kwanza tangu niache mazoezi. Nikapiga ukelele, "Mama yangu weee!" Akina mama wakadhani nashangilia, wakaitikia kwa vigelegele, na vijana waliposikia vigelegele wakanizungusha uwanja mzima, kwa sababu hakuna aliyewaambia wanitue wapi, mimi nalia, jogoo kifuani, wageni wanapiga makofi. Restituta akapita mlangoni, pantoni wakaiwahi. Wifi alikuwa amesimama barazani ameshika mkongojo wangu, ananiangalia mguu.

Kesho yake asubuhi alinijia. Aliweka kiti na kusema, "Kaa. Vuta kisigino." Nikamtukana, akavuta yeye. Alikuja kila asubuhi, namtukana, anavuta, mpaka goti likalainika.

Ndama kweli aliletwa, na mimi niliapa kwamba mkeka na mimi basi, hata msibani naenda na kiti changu. Lakini kuna harusi nyingine ilifuata, kule kijiji cha Lumemo, ya binti wa ndugu yetu, na mdogo wangu akaziba mlango, magoti yake mazima kabisa, akakataa khanga, akakataa blanketi, akadai ndama. Wakwe wakashangaa, desturi hii ya wapi? Wazee wetu wakawajibu ni yetu, tangu mababu, na wote wakanigeukia mimi nithibitishe. Mzee Masanja, aliyekuwa amealikwa, akajifanya anaangalia mawingu.

Nikavuta kisigino nyuma chini ya kiti, kikaja chote, nikasema, "Tangu mababu."