Sikupotea Njia

Siku yangu ya kwanza kuendesha ambulensi, Mkuu wa Usafiri wa wakati huo alinipa ufunguo, daftari la safari na onyo moja: "Ukishuka ziwani, uliza akina mama wa omena. Wao ndio wanajua barabara gani bado iko."

Nilianzia zahanati ya Manyatta, nikahamishiwa makao makuu mjini Kisumu, na desturi hiyo ya kuwauliza wauza dagaa sikuiacha. Baadaye nilijinunulia GPS, kidude unachokibandika kwenye kioo cha mbele na kukichomeka pale pa kuwashia sigara. Kila njia niliyoonyeshwa niliiwekea alama mwenyewe: hapa kanisa, hapa mashine ya kusaga, hapa maji.

Kisha yakaja magari mapya yenye ramani ndani ya dashibodi. Skrini kubwa, sauti tamu! Lakini ramani yenyewe ilikuwa ile ile ya kiwandani. Kuibadilisha kulihitaji fundi kutoka Nairobi, na fundi hakuitwa. Wafadhili walipokaribia kututembelea, Mkuu mpya, bwana wa tai, alikibandua kidude changu.

"Mzee, gari iko na ramani yake. Hii kitu yako inatuaibisha."

"Boss, hiyo ramani haijui ziwa limepanda."

"Unataka kubishana na computer?"

Akakifungia kwenye droo yake. Akatoa na amri: dereva atakayeiacha njia ya kwenye skrini ataandika maelezo.

Wiki hiyo hiyo, asubuhi, simu ikalia. Mama mjamzito anatokwa damu, zahanati ya ufukweni chini ya Otonglo. Njia hiyo nilikuwa nimeipita mara moja tu, na kwa kuwa niliiwekea alama, sikujisumbua kuikariri. Hilo ni kosa langu, silikatai. Nikafuata sauti tamu bila kuuliza mtu, hadi magurudumu ya mbele yakaingia kwenye magugu maji. Sauti bado inaniambia niendelee mbele!

Muuza omena mmoja akaja mbio. "Mzee, hii barabara ziwa ilikula kitambo! Nani amekutuma huku?"

"Gari."

"Na si ungeuliza?"

Akanionyesha njia ya juu. Nilipofika, mama alikuwa hai. Mtoto alikuwa amefia tumboni.

Mkuu aliandika ripoti: "Dereva alipotea njia." Nilikataa kutia sahihi, ikaingia kwenye faili hivyo hivyo. Nilipostaafu nilikatiwa keki, nikarudishiwa kidude ndani ya bahasha. Nilikiwasha nyumbani. Alama yangu ilikuwepo: pinda kwenye mashine ya kusaga, mbele ni maji. Nililia kwa hasira, mtu mzima mimi.

Madereva vijana huniuliza kipi bora, ramani ya gari au kidude. Bora ni ile ambayo dereva anaruhusiwa kuisahihisha. Nyingine ni pambo la wageni.

Mwezi jana, sokoni Otonglo, mwanamke alinishika mkono. Nilimtambua papo hapo: yule mama wa zahanati ya ufukweni.

"Baba, siku ile walituambia ulipotea."

"Sikupotea, mama. Nilitii amri."

Aliuachia mkono wangu polepole.

"Afadhali ungepotea," akasema.